Marehemu wa Lyamkena

Mimi ndiye niliyemuua Polikarpo mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote hapa Makambako, na sioni aibu kulisema. Nimemuua kwa malaria, kwa ajali ya lori, kwa sumu ya ndugu, kwa pombe ya ulanzi iliyochacha, na mara moja kwa radi, ingawa ile radi haikutoka vizuri kwa sababu dairekta alitumia tochi ya simu. Naitwa Janeth. Nina saluni Lyamkena, na saluni ikipoa nafanya meikapu za filamu. Ukitaka bibi harusi njoo kwangu, ukitaka maiti njoo kwangu vilevile. Tofauti yao ni unga tu.

Na unga wenyewe ni wa muhogo, tafadhali. Shangazi yangu hunitumia kutoka kwetu Ludewa, kule ziwani. Wapo wanaopaka maiti wao unga wa mahindi, halafu taa zikiwaka na jasho likitoka, marehemu anageuka uji. Mimi upuuzi huo siufanyi.

Polikarpo ni fundi seremala. Ni mrefu, mashavu yameingia ndani, macho makubwa, na uso ambao ukikutana nao sokoni unajiuliza umeuona wapi. Umeuona, usijisumbue. Ndiye yule polisi anayefungua geti na kusema "Pita." Ndiye mganga anayekataliwa dawa zake. Ndiye baba mkwe anayekohoa sebuleni wakati wenzake wanagombana. Katika filamu zetu zote za hapa yumo, na karibu zote anakufa kabla hujamaliza karanga zako. Steringi huwa hafi, hilo kila mtoto aliyewahi kukaa kwenye kibanda umiza kuangalia video analijua. Lakini lazima mtu fulani afe ili steringi apate hasira ya kumalizia filamu, na mtu huyo ni Polikarpo.

Ndiyo maana mji mzima unamwita Marehemu. Akipita stendi wapiga debe wanapaza sauti, "Marehemu, kamwene!" Naye anavua kofia, anajibu, "Kamwene, wanangu," na kuendelea na safari yake akiwa na msumeno begani. Wageni wanaoshuka kwenye mabasi hubaki wameduwaa. Wengine humcheka kwamba miaka yote hii hajawahi hata siku moja kuwa steringi. Hao huwa nawajibu vibaya. Steringi wetu, Dionis, ni kijana mzuri anayeuza simu, anajua kuvua miwani polepole, basi. Mpe afe, uone. Anakufa huku anaweka nywele sawa.

Kipaji cha Polikarpo kilianzia kijijini kwao, karibu na misheni moja nje ya Njombe. Kila Ijumaa Kuu vijana wa parokia walikuwa wakiigiza Mateso ya Bwana, na katekista alimpa nafasi ya mwizi wa kulia, yule aliyetubu, kwa heshima ya familia. Polikarpo akakataa. Akaomba mwizi wa kushoto. Katekista akamuuliza kama ana akili timamu, naye akajibu kwamba wa kulia anasamehewa tu, ila wa kushoto ana hasira, ana maumivu na ana jambo la kusema. Akapewa. Alilisema jambo hilo kwa namna ambayo wazee walimwangalia kwa jicho baya mpaka Pasaka ikapita, na mama mmoja akakataa kumuuzia mandazi.

Baadaye akajiunga na kikundi kilichokuwa kikizunguka na maigizo ya afya. Hapo ndipo alipobobea kufa. Walikwenda vijijini na masokoni, na kila ugonjwa uliokuwa na bango lake, Polikarpo aliufia. Ilembula alikufa kwa kipindupindu siku ya soko, akajikunja na kutoa macho, mpaka muuguzi mmoja aliyekuwa amekuja kununua viazi akavunja duara la watu, akamshika mkono kutafuta mapigo ya moyo. Polikarpo hakufungua macho. Alimnong'oneza tu, "Dada, niache kidogo, bado nina mstari mmoja." Yule dada alipiga kelele mpaka mbuzi wakakata kamba.

Kisha akahamia Makambako kwa ajili ya kazi za mbao, akakutana na Geofrey. Geofrey anapiga video za harusi na vipaimara, na katikati ya harusi na vipaimara anaongoza filamu. Ni Mkinga wa Makete, mwembamba, ana kofia ya sufu asiyoivua hata kanisani, na filamu ikimwendea vibaya machozi humtoka waziwazi. Nampenda kwa hilo. Alimwona Polikarpo akipanga mbao, akamwambia, "Kaka, una uso wa mtu aliyetangulia." Polikarpo akafurahi kama aliyesifiwa shati.

Sasa nije kwa mama yake, maana bila yeye nisingekuwa naandika haya.

Mama Mektilda anaishi kulekule kijijini, na huko anajulikana kwa jambo moja, nalo ni kulia msibani. Nakuomba usiniwazie kelele. Kwao mwanamke anayejua kulia halii hovyo. Hukaa upande wa kichwa cha marehemu, hujifunga khanga kiunoni, kisha humsimulia marehemu maisha yake mwenyewe, tangu alipozaliwa. Humkumbusha alivyokuwa mbishi, alivyomficha mgeni kuku, alivyombeba mke wake mgonjwa mgongoni wakati wa mvua. Hasemi uongo hata chembe. Mama Mektilda akikaa pale, hata waliokuwa hawapikiki chungu kimoja na marehemu hutoa leso. Vijiji vya mbali humfuata kwa pikipiki.

Ukiniuliza mimi, kipaji cha Polikarpo kimetoka huko. Mama anawafufua waliokufa kwa maneno, mtoto anakufa kwa mwili mzima, na wote wawili kazi yao ni kuwatoa watu machozi mchana kweupe. Lakini jaribu kumwambia hivyo Mama Mektilda. Kwake yeye, kuigiza kufa ni uchuro. Alimwambia Polikarpo tangu ujana wake, "Sikukuzaa uje kujifunza kufa mbele za watu. Mimi sitakuja kuona, na usinialike." Hakualikwa na hakuja. Hakuja kanisani Ijumaa Kuu, hakuja sokoni, na filamu hata moja hakuangalia. Ndivyo Polikarpo alivyojua, na ndivyo alivyonieleza mara zisizohesabika nikiwa nampaka unga puani.

Hicho ndicho kitu pekee alichokitaka. Usteringi hakuutaka, wala kupigiwa makofi na Dar es Salaam. Alitaka mama yake amwone akifanya kazi yake, hata kama ni nafasi ya kufungua geti. Na muda ulikuwa unambana, kwa sababu jicho la kushoto la mama lilishaingia ukungu, na daktari alisema la pili nalo limeanza. "Janeth," aliniambia siku moja nikimpaka, "atakuwa kipofu kabla hajajua mwanawe anafanya nini duniani." Nilimwambia afunge mdomo, unga unaingia. Ukweli ni kwamba nilitaka kulia, na mimi nikitaka kulia huwa mkali.

Mwaka juzi Geofrey akampa nafasi kubwa kuliko zote. Alikuwa mzee tajiri wa parachichi anayefariki mwanzoni, kisha watoto wake wanagombea shamba mbele ya jeneza lake. Maiti angelala wazi katika tukio refu kuliko yote ya filamu ile. Jeneza halikuwepo, na wenye maduka ya majeneza hawaazimishi, basi Polikarpo akalitengeneza mwenyewe kwa mbao za paini. Alijilaza sakafuni karakanani, nikamchora kwa chaki, akainuka na kupasua mbao. Alilipiga randa, akalipaka vanishi, akaweka na mto mdogo. Lilikuwa jeneza zuri mno, mpaka mpita njia mmoja akauliza kama linauzwa.

Habari zikafika kijijini. Mama Mektilda akapiga simu, nasi tulikuwa karakanani. Hata bila spika sauti yake ilisikika. "Umejipima?" akauliza. "Polikarpo, umejipima mwenyewe?"

"Mama, ni Janeth ndiye aliyenipima."

Simu ikakatika. Polikarpo alikaa juu ya jeneza lake mpaka gundi ikakauka.

Siku ya kurekodi ilikuwa Juni, na Juni ya huku mnaijua. Ukungu ulikuwa umekaa chini, nyasi zina barafu, na sisi tulikuwa uani kwa shangazi yake Geofrey hapo Lyamkena, na turubai, viti vya kukodi, na akina mama wa kwaya waliokubali kuja kuwa waombolezaji. Nilimpaka Polikarpo akatoka maiti wa kujivunia. Tatizo ni kwamba maiti alikuwa anatetemeka. Jeneza zima lilikuwa linagonga meza, ko-ko-ko-ko. Nikamwekea chupa ya maji ya moto tumboni, chini ya suti. Akaacha kutetemeka, ila mvuke ukaanza kutoka kwenye vifungo.

"Marehemu anachemka!" akasema mama mmoja wa kwaya, na waombolezaji wote wakaanguka kwa kicheko.

Tukaanza upya. Wakalia, lakini kilio gani! Walilia "uwii, uwii" huku mabega yanacheka. Mmoja alisema ameona pua ya marehemu inacheza. Mwingine alijibanza nyuma ya mwenzake akacheka mpaka kilemba kikamtoka. Tukaanza tena, Polikarpo akapiga chafya. Geofrey akavuta kofia yake ya sufu ikafunika macho, akaketi chini ya mgomba, na nikajua analia.

Wakati huo steringi wetu Dionis alikuwa kwenye simu yake. Alikuwa amempiga Polikarpo picha ndani ya jeneza, mikono kifuani, akaiweka kwenye stetasi na maneno haya: "Buriani mzee wetu. Tutakukumbuka daima." Hakuandika kuwa ni filamu, eti watu wapate hamu. Na simu ya Polikarpo ilikuwa imezimwa, kwa sababu katika filamu iliyotangulia iliwahi kulia ndani ya shuka akiwa maiti, na Geofrey aliapa halitarudiwa.

Yaliyotokea kijijini niliyasikia baadaye. Binti wa jirani aliiona picha, akapiga yowe, na yowe likaenda nyumba hadi nyumba. Wakapiga simu ya Polikarpo, haipatikani. Basi. Huku habari ya msiba haichunguzwi. Kuni hupakiwa kwanza, maswali huulizwa njiani. Wakatafuta kanta, lori dogo la mizigo, wakapakia kuni, masufuria, unga, maharage, na jogoo mmoja aliyekuwa hajui anakwenda wapi. Akina mama wakapanda nyuma, Mama Mektilda akakalishwa mbele kwa dereva, na lami ya Makambako ikaanza. Stendi walimuulizia marehemu, wapiga debe wakawaelekeza Lyamkena.

Sisi hatukujua lolote. Geofrey alikuwa amejikaza, amesema "aksheni" kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa, na kwaya imeanza tena uwii zao za uongo, mara lango likafunguka na kanta ikaingia uani ikiwa imejaa wanawake wanaolia kikwelikweli. Wakaruka chini na kuja mbiombio kwenye turubai wakiwa wameshika vichwa. Geofrey alishika kamera kwa mikono miwili. Alidhani ni mimi niliyewaleta.

"Janeth, Mungu akubariki!" akaninong'oneza. "Umewatoa wapi hawa?"

Lakini nilikuwa nimeshamwona anayeshuka mbele. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye uso uleule mrefu, mashavu yaleyale, ila yeye hakulia. Nilimkimbilia nusura nianguke juu ya waya.

"Shikamoo, mama. Mama, tafadhali, usishtuke, huyu hajafa, hii ni..."

"Marahaba, mwanangu. Nani amekwambia amekufa?" Aliendelea kutembea. "Nimewaambia hawa njia nzima kwamba ni mambo yake yaleyale. Wanadhani uchungu umenichanganya." Akafika jenezani, akainama, akamtazama mwanawe kwa jicho lake lile moja. "Wewe ndiye uliyempaka huu unga?"

"Ni mimi, mama."

"Sikio umeliruka."

Nikatazama. Kweli nilikuwa nimeliruka sikio la kulia! Lilikuwa jekundu kwa baridi, linaonekana kama la mtu wa jirani. Miaka yote hiyo nimejisifia unga wangu, na jicho moja la bibi limeliona sikio.

Kisha akasikiliza kwaya. "Na hao wanafanya nini?"

"Wanalia, mama."

"Kwa kilio hicho hata kuku hazikwi," akasema. Akavua khanga ya begani, akajifunga kiunoni, akavuta kigoda, akakaa upande wa kichwa cha jeneza.

Polikarpo hakuwa amejua. Macho alikuwa ameyafunga, vilio vilikuwa vimeyameza maneno yetu, na waliokuwa wanalia kwake walikuwa waigizaji tu. Niliona kope zake zikiruka aliposikia sauti ile ya kwanza, ya chini, inayotoka tumboni. Kwaya ikanyamaza. Wanawake wa kanta wakanyamaza. Geofrey akasogeza kamera taratibu, hapumui.

Alilia kwa Kibena na Kiswahili, akichanganya. Mimi ni Mpangwa, yaliyonipita nilitafsiriwa baadaye kando ya moto wa jikoni, na nayaandika kama nilivyoyasikia.

"Polikarpo wee, mwanangu wa mvua ya mawe. Ulitangulia miguu kuja duniani, na tangu hapo hujawahi kuingia mahali kama wengine. Ulichelewa kutembea, ukawahi kuwaiga watu. Ulimwiga katekista, nikapigwa faini ya maneno. Ulimwiga jogoo, majike wakakufuata mpaka shuleni. Baba yako alipotutoka ulikuwa mtoto wa darasa la tatu. Ulisimama mbele ya wageni ukaonyesha alivyokuwa akitafuta kofia iliyo kichwani kwake. Watu wakacheka msibani, na mimi nikakimbilia nyuma ya nyumba, kwa sababu nilimwona mume wangu mzima."

Kidole cha Polikarpo kilisogea. Nilijua anachowaza, maana hakuwa ameyasikia yale mama aliyoniambia. Alidhani mama yake anaamini. Alidhani mama yake, na jicho lake moja, amekuja kumlilia mwanawe kweli, na yeye kalala pale anamdanganya. Mkono ukaanza kuinuka kutoka kifuani.

Mama Mektilda aliuona, akaweka kiganja chake juu yake na kuurudisha chini, bila kuacha wimbo wake.

"Tulia, mwanangu," akalia. "Tulia hivyohivyo, wee baba, dairekta hajasema kata."

Geofrey akajiziba mdomo. Mimi nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja, nikawa sijui nipanguse lipi.

"Nilisema sitakuja kukuona," akaendelea. "Ijumaa Kuu uliponing'inia mkono wa kushoto, nani alikuwa nyuma ya nguzo? Mama yako. Ilembula ulipokufa kwa kipindupindu, yule mwanamke mwenye tenga la nyanya alikuwa nani? Ni mimi, na nyanya hazikuwa zangu, nilizishika tu. Njombe mjini nimekaa kwenye kibanda umiza katikati ya vijana, khanga mpaka puani. Ulipoanguka kwenye lile lori mmoja akacheka, nikamfinya. Sikukuambia. Nilisema sitaki kuona, nikasema kwa sauti, ili kifo kisikie, kisije kikadhani mama wa huyu ameshazoea. Sijazoea, mwanangu. Sijazoea hata kidogo. Kila ulipokufa nilisubiri uamke, na ulipoamka nikaenda nyumbani kupika."

Hapo chozi likamtoka maiti. Lilitoka kona ya jicho, likakata unga wangu mpaka shavuni, mstari mweusi mnyoofu, likaingia kwenye sikio lile nililolisahau. Katika kazi yangu yote sijawahi kuharibiwa meikapu nikafurahi namna ile. Wanawake wa kwaya, walewale waliokuwa wanachekelea, walikuwa wanalia kamasi.

Mama Mektilda akafungua khanga kiunoni, akapangusa uso. "Nimemaliza," akasema kwa sauti yake ya kawaida. "Amka sasa, maharage yatawekwa jikoni."

Na Marehemu akaamka.

Ee bwana wee! Alikaa wima ndani ya jeneza, mweupe wa muhogo, mvuke unatoka kifuani, na chupa ya maji ya moto ikadondoka pajani. Wanawake wa kanta walipiga yowe moja wakatawanyika. Mmoja alirudi juu ya kuni kwa mruko ambao sikujua wamama wa Kibena wanao. Jogoo alikata kamba. Kwaya nayo, ambayo ilijua kila kitu tangu asubuhi, ilikimbia kwa kufuata mkumbo, na viti vya kukodi vikaanguka vyote. Wa kwanza kufika uzioni alikuwa steringi Dionis. Aliruka michongoma akiwa na suti nyeupe, na kamera ikamchukua mpaka soli za viatu.

Katikati ya vurugu zote hizo mama na mwana walikuwa wameshikana, unga umemhamia mama nusu ya uso. Geofrey hakuwahi kusema kata. Betri ndiyo iliyosema.

Filamu ilipowekwa mtandaoni, watu hawakumuulizia Dionis wala shamba la parachichi. Wote waliuliza swali moja, huyo mama ni nani? Mpaka leo anapigiwa simu kuulizwa kama atakuja kulia kwenye filamu nyingine, na anajibu kwamba inategemea marehemu ni nani. Kwa hiyo Polikarpo, hata kwenye msiba wake mwenyewe, alibaki msindikizaji. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama yeye. Stendi wakimwita Marehemu, sasa anasimama na kuwaambia, "Mwana wa Mektilda, tafadhali."

Lakini nimeuruka mlo, na mlo ndio nilitaka kufikia. Chakula cha msiba kikishapakiwa hakirudi nyumbani, basi tuliwasha zile kuni uani hapohapo. Watu wakarudi mmoja mmoja wakicheka kwa aibu, na Dionis akaingia kwa lango, suti imechanika. Marehemu mwenyewe ndiye aliyepakua ugali, unga bado usoni. Kila aliyepokea sahani kwake alimgusa mkono kwanza kuhakikisha ni wa moto. Kisha akachukua sahani yake, akakaa chini, karibu na kigoda cha mama yake.

"Mama," akasema, "yule mwizi wa kushoto ulimwonaje?"

"Ulisema haraka mno. Mtu anayening'inia hana haraka."

Polikarpo alitikisa kichwa kukubali. "Na wa kipindupindu?"

"Yule alikuwa mzuri. Ila uliangukia upande usio na mawe. Mgonjwa hachagui."

Akauliza la lori, akaambiwa. Akauliza la radi, mama akasema lile hakumlaumu yeye, alimlaumu mwenye tochi, na Geofrey akainamia sahani yake. Ningependa mngemwona Polikarpo wakati ule. Mtu mzima mwenye mvi, anakosolewa kila kitu alichowahi kufanya, na uso wote unacheka. Hata ugali alikuwa ameusahau mkononi.

Halafu akauliza lile alilokuwa akilizunguka. "Na leo, mama?"

Mama Mektilda alitafuna, akameza, akamgeuzia jicho lake lile zima.

"Leo ulikuwa unapumua," akasema. "Tangu nishuke kwenye gari nilikuwa nakitazama kifua chako, nikiimba nakitazama, nikilia nakitazama. Maiti hapumui, Polikarpo. Umeharibu."

"Nisamehe, mama. Nitajifunza."

"Usijifunze," akasema, akachota maharage kwenye sahani yake akamwongezea.